Kulinganisha picha na gemu za mashine za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya yanatokana na maswali ninayoulizwa na watu wanaoleta mashine zao mezani kwangu hapa Mtwara mjini, pamoja na wale wanaopiga simu kutoka Lindi, Masasi na Nachingwea, hasa msimu wa korosho unapofika na watu wakaanza kununua na kuuziana vifaa. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Mashine zipi zinazungumziwa hapa?

Ni kuanzia Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, hadi PlayStation 2, GameCube na Xbox, zilizotoka kati ya mwaka 2000 na 2001. PS3 na Xbox 360 zimeachwa kwa kuwa zilibuniwa kwa ajili ya picha ya HD, na kuzilinganisha na hizi za nyuma kunahitaji vipimo vingine kabisa.

Nikitaka kulinganisha mashine mbili kwa haki, nianzie wapi?

Chukua gemu moja iliyotoka kwenye mashine zote mbili, uicheze kwenye TV moja, kwa waya wa aina moja, na nakala zote ziwe za mfumo mmoja wa TV. Moja kati ya hayo likitofautiana, utakuwa umepima waya au TV huku ukidhani umepima mashine.

Vijana wawili wa Mikindani walinijia wakibishana kuhusu PS2 na Xbox. Mwenye PS2 alikuwa na hakika kwamba yake ina rangi kali zaidi, na kweli, tulipoziwasha, picha ya Xbox ilikuwa imefifia na ina mistari inayotambaa. Nikauchomoa waya wa njano wa ile Xbox na kuuangalia: kichwa chake kilikuwa na kutu ya kijani kuzunguka pete yote, kama zinavyokuwa nyaya nyingi za nyumba zilizo karibu na bahari. PS2 nayo ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa vichwa vitatu vya picha, yaani kijani, buluu na nyekundu. Tulipozipa zote mbili waya safi wa aina moja, mabishano yaligeuka upande wa pili.

Baada ya kusawazisha hayo, simama mahali pamoja ndani ya gemu na uangalie kingo za vitu, umbali ambao mandhari huonekana kabla ya kufichwa, na kama gemu inakuwa nzito vitu vinapojaa kwenye kioo. Ninapendekeza uangalie hilo la tatu kwa makini zaidi, kwa sababu picha ya kusimama hailionyeshi, na ndilo linalomchosha mchezaji.

Je, mashine yenye biti nyingi ndiyo yenye picha nzuri zaidi?

Hapana. Biti huonyesha upana wa namba ambazo prosesa hushughulikia kwa mkupuo mmoja; haisemi lolote kuhusu idadi ya rangi, ukubwa wa kumbukumbu au uwezo wa sehemu inayochora picha. PC Engine ya kampuni ya NEC, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na prosesa ya biti 8, lakini iliweza kuonyesha rangi 482 kwa wakati mmoja, ilhali Mega Drive ya Sega, iliyotangazwa kwa biti zake 16, ilionyesha 61. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ina prosesa ya biti 64, na Xbox ya mwaka 2001 ina prosesa ya biti 32, lakini aliyewahi kuziona zote mbili hawezi kuuliza ipi ina picha bora. Namba hiyo ilikuwa ya matangazo, nayo imewapotosha wanunuzi kwa miaka mingi.

## Mashine za kaseti

Kwa nini wachezaji humetameta au hupotea miguu katika mashine za mtindo wa Famicom?

Wengi wetu huku hatukuwa na Famicom halisi. Tulikuwa na mashine za kuiga, zile zilizokuja na kaseti za njano na ahadi ya maelfu ya gemu ndani ya kaseti moja. Hata hivyo muundo wake wa ndani ulifuata wa Famicom, kwa hiyo na udhaifu wake ulikuwa uleule.

Mashine hiyo huchora kioo mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini. Kila kitu kinachotembea, kama mchezaji, mpira au risasi, hujengwa kwa vijipicha vyenye upana wa nukta 8, na mashine haiwezi kuweka zaidi ya vijipicha 8 katika mstari mmoja. Ukizidisha 8 kwa 8, hupati zaidi ya nukta 64 kati ya 256 za upana wa kioo, yaani robo tu. Mchezaji mmoja wa mpira huweza kuchukua vijipicha viwili kwa upana. Wakisimama watano mbele ya goli katika mstari mmoja, wa tano hana nafasi. Watengenezaji wa gemu walikwepa tatizo hilo kwa kuwapokeza zamu: fremu hii (yaani picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo kwenye kioo) anafichwa huyu, fremu ijayo anafichwa yule. Jicho linaona wote wapo, ila wanametameta. Mashine yako haijaharibika, na kubadilisha TV hakutasaidia.

Mega Drive na Super Nintendo, ipi ilikuwa na picha bora?

Kwa rangi, Super Nintendo. Iliweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja kutoka katika akiba ya rangi 32,768, wakati Mega Drive ilikuwa na 61 kutoka katika 512. Tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika anga la machweo au ngozi ya mtu, ambapo Super Nintendo hupitisha rangi polepole na Mega Drive hulazimika kuruka kutoka rangi moja hadi nyingine. Super Nintendo pia iliweza kuzungusha na kukuza sakafu nzima, jambo lililozaa gemu za mbio kama F-Zero ya mwaka 1990 na Super Mario Kart ya mwaka 1992.

Lakini Mega Drive ilikuwa na mambo mawili ambayo watu huyasahau. Kioo chake kwa kawaida kilikuwa na upana wa nukta 320 dhidi ya 256, kwa hiyo picha yake ni kali zaidi na uwanja unaoonekana ni mpana zaidi. Na prosesa yake, Motorola 68000 ya takriban megahezi 7.6, ilihimili vurugu za risasi na maadui wengi bila gemu kuwa nzito. Kwenye Super Nintendo, gemu ya kurusha risasi ya Gradius III hupunguza mwendo waziwazi kioo kinapojaa.

Binafsi, kwa gemu za kukimbia na za kupigana na kundi la maadui nachagua Mega Drive. Kwa gemu za hadithi ndefu zenye muziki na mandhari, nachagua Super Nintendo bila kusita.

Gemu yenye jina moja ni gemu moja?

Si lazima, na hapa ndipo wengi hukosea. Aladdin ya mwaka 1993 ilitengenezwa na Capcom kwa Super Nintendo na kampuni ya Virgin kwa Mega Drive. Ni gemu mbili tofauti kabisa: katika moja Aladdin hurukia maadui, katika nyingine ana upanga mkononi. Huwezi kuzitumia kulinganisha mashine. Mortal Kombat ya mwaka huohuo ni gemu moja, lakini kwenye Super Nintendo damu iliondolewa na kuwekwa jasho la kijivu kwa uamuzi wa Nintendo, si kwa sababu mashine ilishindwa kuchora damu. Kwenye Mega Drive damu ilifunguliwa kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu.

Kwa nini maporomoko ya maji ya Sonic yana mistari kwenye TV yangu ya flati?

Mega Drive ilikuwa na njia finyu sana ya kuchora kitu kinachopenyeza mwanga. Wachoraji walichora mstari mmoja wa maji na kuacha mmoja wazi, wakitegemea waya wa njano wa AV na TV ya chogo vichanganye mistari hiyo hadi ionekane kama maji angavu. Waya mzuri na kioo cha flati huonyesha kila mstari peke yake, hivyo ujanja unafichuka. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo waya duni hutoa picha ambayo mchoraji aliikusudia.

## Zama za 3D

Kwa nini vitu hutetemeka na sakafu hujipinda kwenye PlayStation ya kwanza?

PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, huchora kila umbo kwa pembetatu. Kona za pembetatu hizo huwekwa kwenye nukta kamili za kioo tu, bila sehemu ya nukta. Kitu kikisogea taratibu, kona zake huruka kutoka nukta moja hadi nyingine kwa nyakati tofauti, na umbo lote linaonekana kutetemeka. Tena, picha inayobandikwa juu ya pembetatu, kama vigae au mbao za sakafu, hunyooshwa bila kuzingatia kwamba upande mmoja uko mbali na mwingine uko karibu. Ukisogelea ukuta na kugeuza kamera, mistari ya matofali hupinda kama jamvi lililokunjwa.

Gemu za mpira ziliumia kidogo sana na udhaifu huu, kwa sababu kamera hukaa juu na mbali. Ndiyo maana mpira wa PlayStation ya kwanza bado unatazamika leo, wakati gemu nyingi za kutembea ndani ya nyumba kwa kamera ya karibu zimechakaa machoni.

Kwa nini Nintendo 64 haitetemeki lakini picha zake zina ukungu?

Nintendo 64 ilinyoosha picha kwa usahihi na kulainisha kingo, lakini sehemu ya kumbukumbu inayotumika kubandika picha juu ya maumbo ilikuwa na kilobaiti 4 tu. Picha ndogo ikinyooshwa juu ya ukuta mkubwa na kisha kulainishwa, hutoka kama iliyopakwa mafuta. Ule ukungu wa angani, kama katika Turok ya mwaka 1997, ni jambo jingine: uliwekwa makusudi kuficha mahali ambapo mashine imekoma kuchora.

CD na kaseti: ni ipi iliyokuwa na faida?

Mfano mzuri kuliko yote ni Resident Evil 2. Kwenye PlayStation, mwaka 1998, ilikuja kwa CD mbili. Mwaka 1999 Angel Studios waliiingiza yote, pamoja na video zake, katika kaseti ya megabaiti 64 ya Nintendo 64. Video zilibanwa mno na zinaonekana hivyo, lakini zipo. Kazi ile naiheshimu sana, na kila anayesema kwamba kaseti haikuweza kubeba video ninamwonyesha gemu hiyo.

Kwa ujumla CD ilibeba data nyingi kwa bei nafuu, ikaleta muziki uliorekodiwa na video ndefu, huku ikimfanya mchezaji asubiri. Kaseti ilifungua papo hapo.

Na Sega Saturn?

Ilitumia pembenne badala ya pembetatu na ilikuwa na shida ya vitu vinavyopenyeza mwanga. Katika Castlevania: Symphony of the Night, mahali ambapo PlayStation ina moshi laini, Saturn mara nyingi huweka wavu wa nukta. Kwa gemu za kawaida za 2D, hata hivyo, ilikuwa na nguvu sana.

## PS2 na wenzake

Kati ya PS2, Dreamcast, GameCube na Xbox, ipi ina picha bora?

Gemu moja ikitolewa kwa mashine hizi, Xbox mara nyingi ndiyo hushinda: prosesa yake ni ya megahezi 733 na kumbukumbu yake ni megabaiti 64, wakati PS2 ina megabaiti 32 na nyingine 4 za picha. GameCube huifuata kwa karibu. Resident Evil 4 ilitoka kwanza kwenye GameCube, Januari 2005, kisha PS2 Oktoba mwaka huohuo. Kwenye PS2 mwanga na mapambo vilipunguzwa, na matukio ya hadithi ambayo GameCube iliyachora papo hapo yakawa video iliyorekodiwa tayari. Lakini PS2 iliongezewa sehemu nzima ya hadithi ya Ada, mmoja wa wahusika wa gemu hiyo. Ukiniuliza nicheze ipi, nitataja GameCube kwa picha. Ukiniuliza ninunue ipi kwa gemu moja yenye mambo mengi, nitataja PS2.

Dreamcast ya mwaka 1998 ilitangulia wote na uzalishaji wake ulisimamishwa mwaka 2001, kwa hiyo kuilinganisha na gemu za PS2 za mwaka 2005 ni kuionea. Ilinganishe na gemu za PS2 za mwaka wa kwanza. Utakuta kingo zake ni safi zaidi.

Kama PS2 haikuwa na nguvu kuliko zote, kwa nini ndiyo iliyoenea huku?

Kwanza, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, hivyo mashine zilizotumika zilikuwa nyingi na vipuri vilipatikana. Pili, ilicheza DVD za filamu. Tatu, na kwa vibanda vya gemu hili ndilo lililoamua, mpira haukukoma: FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014 zote zilitolewa kwa PS2 mwaka 2013, miaka 13 baada ya mashine kutoka. Mwenye kibanda aliweza kubaki na mashine ileile na kubadilisha DVD tu.

Kwenye gemu ya GTA: San Andreas barabara na majengo huchelewa kuonekana. Ni udhaifu wa PS2?

Kwa sehemu. Jiji lote haliingii katika megabaiti 32, hivyo mashine husoma mtaa unaofuata kutoka kwenye DVD wakati wewe unaendesha. Kwa pikipiki ya kasi unaweza kuiwahi. Lakini ikiwa unaendesha kwa mwendo wa kawaida na bado lami inakuja kwa kuchelewa, shuku lenzi inayosoma diski kabla ya kuilaumu mashine (angalia swali la hewa ya bahari).

Je, nakala za kukopi zinaweza kutumika kulinganisha?

Zinapotosha. Nyingi zilipunguzwa ili ziingie katika diski ndogo: video zikaondolewa, muziki ukabanwa. Dreamcast iliumia zaidi, kwa kuwa diski yake halisi ilibeba takriban gigabaiti 1 na nakala zilibanwa ziingie kwenye CD ya megabaiti 700. Mtu anayesema gemu fulani haina muziki mara nyingi anazungumzia nakala yake.

## TV, waya, umeme na hewa ya bahari

TV ya chogo au flati?

Kwa mashine zote zilizotajwa hapa, TV ya chogo, bila shaka. Mashine hadi PlayStation ya kwanza kwa kawaida hutoa picha ya mistari 240 hivi kwa kila fremu. TV nyingi za flati huidhania kuwa nusu ya picha yenye mistari 480 na kujaribu kuiunganisha na fremu inayofuata. Matokeo yake ni ukungu, na wakati mwingine kitu kinachopaswa kumetameta, kama mchezaji aliyepigwa, hutoweka kabisa au hubaki bila kumetameta. Flati pia huchelewesha picha, jambo ambalo kipa wa penalti atalihisi mara moja. Kama huna chogo, washa hali ya gemu katika menyu ya TV.

Usiitupe chogo kwa sababu haipokei tena matangazo bila king'amuzi. Tundu la AV halikuguswa na mabadiliko hayo.

Kwa nini gemu yangu iko polepole kuliko ya rafiki yangu mwenye mashine ileile?

Tanzania inatumia mfumo wa PAL, wa mizunguko 50 kwa sekunde. Japani na Marekani hutumia 60. Gemu nyingi za zamani zilihamishwa kutoka 60 kwenda 50 bila kurekebishwa, zikawa na mwendo wa sehemu tano kati ya sita. Kipindi cha dakika 10 huchukua dakika 12, muziki huzubaa, na juu na chini ya kioo hubaki mistari myeusi. Gemu nyingi za PS2 na Dreamcast hukuuliza mwanzoni kama unataka 60. Chagua hiyo ikiwa TV yako inaikubali.

Mashine yangu kutoka Japani inaonyesha picha isiyo na rangi. Imeharibika?

Hapana. TV inapokea picha lakini haielewi mfumo wa rangi wa NTSC. Tafuta mfumo huo katika menyu ya TV. Jambo la hatari ni umeme: mashine ya Japani ni ya volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 utaiunguza. Tumia transfoma ya kushusha.

Hewa ya bahari inaathirije picha?

Inaathiri sana, na ndiyo sababu sikubali ulinganisho wowote kabla ya kusafisha. Mashine iliyokaa miaka mitatu Shangani au kando ya bahari Kilwa huwa na utando mwembamba juu ya lenzi na kutu kwenye miguu ya kaseti. Lenzi husafishwa taratibu kwa pamba na spiriti safi, bila kukandamiza. Miguu ya kaseti vilevile. Usipulize kaseti kwa mdomo: unyevu wa pumzi huongeza kutu, na kinachofanya gemu iwake ni kuichomoa na kuirudisha.

## Maswali ya pembeni

Gemu za PSP kwenye simu yangu zinaonekana bora kuliko PS2. Ni kweli?

PSP yenyewe, mashine ya mkononi ya Sony, ina kioo cha nukta 480 kwa 272. Programu ya simu huichora upya gemu kwa nukta mara mbili, tatu au zaidi, hivyo unachokiona ni nguvu ya simu yako. Rudisha kipimo kuwa cha asili ndipo ulinganishe.

Na zile mashine ndogo za mkononi zenye gemu 400?

Nyingi ni za mtindo wa Famicom. Usihukumu Mega Drive wala Super Nintendo kwa hizo, hata kama kasha lina picha zake.

Je, CD ya PlayStation ya kwanza ndani ya PS2 inatoa picha ileile?

Kwa kawaida ndiyo, kwa ukubwa uleule wa picha. Ila PS2 ina vipimo viwili katika menyu yake: kimoja hulainisha picha zinazobandikwa kwenye maumbo, kingine huharakisha usomaji wa CD. Kulainisha hupunguza vijimraba, lakini maandishi na michoro ya 2D wakati mwingine huzungukwa na mistari isiyokuwepo, kwa hiyo mimi hukiacha kimezimwa. Kutetemeka kwa maumbo hakuondoki kwa kipimo chochote. Kumbuka pia kwamba memori kadi ya PS2 haihifadhi moja kwa moja maendeleo ya gemu hizo. Unahitaji memori kadi ya PlayStation ya kwanza, na ile iliyohifadhiwa kwa nakala ya Japani haitasomwa na nakala ya PAL.